Twataka Kuliona Daftari la Wanaongoja Kupasuliwa

Liko neno moja ambalo mwananchi wa nchi hii amelisikia katika hospitali za umma mpaka limekuwa kama salamu: "Njoo mwezi ujao." Mwenye ngiri huambiwa hivyo. Mama mwenye uvimbe tumboni huambiwa hivyo. Mzee mwenye mtoto wa jicho, aliyeongozwa kwa mkono na mjukuu wake tangu alfajiri, naye huambiwa hivyo hivyo. Kwa adabu yake hushukuru, huondoka, huuza kuku kupata nauli ya mara ya pili, hurudi. Na akifika huambiwa kwamba chumba cha upasuaji leo hakina maji, au damu ya kundi lake haipo, au mtu wa usingizi ameitwa kwenye dharura, basi njoo juma lijalo.

Ndugu wasomaji, twaandika habari hii kwa sababu kila mwaka, tangu Aprili mpaka Juni, Bunge letu hukaa kugawa fedha za nchi, na kila mwaka husomwa humo hesabu ndefu ya afya: zahanati zilizojengwa, mashine zilizonunuliwa, magari ya wagonjwa yaliyogawiwa. Hatusemi kwamba hesabu hizo ni za uongo. Tumeyaona majengo kwa macho yetu, na tunayafurahia. Lakini iko hesabu moja isiyosomwa. Usiku wa kuamkia siku ile ya hotuba, ni watu wangapi nchini walikuwa wameandikiwa kupasuliwa na hawajapasuliwa? Aliye mbele kabisa katika mstari anangoja tangu lini? Wangapi walifika wakarudishwa, na kwa sababu gani? Hayo ndiyo twauliza, wala hatuulizi jingine lililo gumu zaidi ya hayo.

Wengine watadhani tunataka kuwasema wauguzi na madaktari. Sivyo. Muuguzi aliyekesha na wodi nzima peke yake si adui wa mgonjwa, na daktari anayepasua usiku kucha watu walioletwa kutoka ajali za barabarani hawezi asubuhi kuanza tena na ngiri kumi. Yeye ndiye anayetumwa kusema "njoo mwezi ujao", lakini neno lenyewe hakulitunga yeye. Limetungwa mahali pengine, katika vyumba vyenye viti vizuri, siku zilipogawiwa fedha.

Nchi hii ilikwisha kuwa na foleni ya namna nyingine, na wazee wetu waliokuwapo wanaikumbuka. Wadachi walipojenga Dar es Salaam, mwaka 1897 walifungua hospitali kubwa pale Ocean Road, penye upepo wa bahari, kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi walikuwa na hospitali yao iliyotokana na fedha za tajiri Sewa Haji, ambaye jina lake lingali katika wodi za Muhimbili mpaka leo. Waingereza nao walipokuja hawakubadili mpango huo kwa haraka. Hospitali ya Muhimbili ilipofunguliwa mwaka 1956 ilipewa jina la Princess Margaret, na Uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961 madaktari wazalendo katika Tanganyika yote walikuwa 12. Basi siku zile mtu aliulizwa rangi yake kabla ya kuulizwa maradhi yake. Tulipotaja maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, hatukuwa tunapamba hotuba. Tulimaanisha kwamba hakuna mtu wa nchi hii atakayefia mlangoni mwa daktari kwa sababu ya alivyozaliwa.

Leo hakuna anayeulizwa rangi. Mtu anaulizwa mfuko wake.

Tangu mwaka 1993, ulipoanza mpango wa wananchi kuchangia gharama za matibabu, mlango wa hospitali ya umma umekuwa na dirisha la fedha mbele yake. Msamaha upo kwa wajawazito, kwa watoto wadogo, kwa wazee wasio na uwezo, na hilo ni jambo jema. Lakini kila mwenye ndugu aliyelazwa anajua kilichoko zaidi ya karatasi ya msamaha. Anajua kununua nyuzi na mipira ya mikono dukani nje ya geti. Anajua kutafuta wachangia damu kwa simu usiku. Na aliyevunjika paja anajua habari ya "chuma".

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa maana jambo hili la chuma linaonyesha vizuri jinsi hesabu mbaya inavyokula fedha za umma. Kijana amegongwa na bodaboda, au yeye mwenyewe ndiye mwendesha bodaboda. Paja limevunjika. Akipasuliwa mapema na kuwekewa chuma ndani ya mfupa, baada ya siku chache anaweza kusimama kwa magongo na kurudi nyumbani. Asipopasuliwa, huning'inizwa mguu kwa uzito, alale chali majuma sita, nane, hata kumi na mawili, mpaka mfupa uunge, na mara nyingi huunga kombo au mguu ukawa mfupi. Sasa wako vijana wanaolazwa wakingoja chuma kwa sababu ukoo bado unachanga. Kitanda kimekaliwa. Chakula kinaliwa. Muuguzi anageuza na kuosha vidonda vya mgongo. Mama yake amelala sakafuni ukumbini, shamba lake huko nyuma limeota majani. Ndugu, gharama ya kitanda cha miezi miwili ni ndogo kuliko gharama ya chuma kimoja? Karani yeyote wa duka angeiona hasara hiyo kabla ya saa nne asubuhi. Lakini kwa kuwa chuma huandikwa katika kitabu kimoja na kitanda katika kitabu kingine, wakubwa wetu wanajiona wameokoa fedha.

Na huyo ni wa mfupa. Mwenye ngiri iliyoachwa huja siku moja utumbo umejinyonga, na operesheni iliyokuwa ya saa moja mchana inakuwa ya kufa na kupona saa nane za usiku. Mwanamke aliyekuja na kijivimbe katika titi, akapewa tarehe, akapewa tarehe nyingine, hurudi donda limekwisha toboka. Mwenye busha huacha kwenda mtoni kuvua na huacha kwenda msikitini kwa aibu, na ugonjwa wake ni wa kisu kidogo tu.

Watu hawa hawaonekani. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wakubwa wanapaswa kulielewa. Tangu mwaka 2024 Serikali imekuwa ikipeleka makundi ya madaktari bingwa katika hospitali za wilaya, wakikaa siku chache wakitibu na kupasua. Tunausifu mpango huo bila kinyongo. Lakini tazameni watu wanaojitokeza siku hizo! Wanatoka vijijini, wamefungasha, wamebeba vyeti vya kale. Je, maradhi hayo yameanza juma lile madaktari walipowasili? Walikuwa nayo miaka. Walikuwa katika foleni isiyoandikwa popote, kwa maana mtu aliyeambiwa bei na kurudi kijijini hahesabiwi kuwa anangoja. Anahesabiwa kuwa mzima.

Kila tunaposema haya, mara hujibiwa kwa majengo. Basi na tuzungumze habari za majengo. Tarehe 9 Novemba 1915? La, si mbali hivyo, ingawa mambo yenyewe yangefaa enzi zile: ni tarehe 9 Novemba 2015, siku nne tu baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli aliingia Muhimbili bila taarifa. Alikuta wagonjwa wamelala chini na mashine kubwa za kupigia picha za mwili hazifanyi kazi. Baadaye mwezi ule ule, fedha zilizokuwa zimechangwa kwa tafrija ya wabunge siku ya kufunguliwa Bunge ziliamriwa zinunue vitanda, na vitanda 300 vikapelekwa na magodoro yake. Nchi nzima ilishangilia, nasi pia. Lilikuwa somo kubwa: kwamba tafrija na kitanda vyote hutoka katika mfuko mmoja, na kwamba mtu mwenye mamlaka akitaka kuchagua, huweza kuchagua kabla ya jua kuchwa.

Lakini somo hilo lilikuwa nusu. Kitanda si operesheni. Mgonjwa aliyetoka sakafuni akapanda kitandani bado anangoja, ila sasa anangoja kwenye godoro.

Operesheni ni nini basi? Tumewauliza wenye kazi hiyo, na wametujibu kwa maneno yanayoeleweka na kila mtu. Operesheni ni mnyororo. Ni mpasuaji, na mtu wa kulaza mgonjwa usingizi na kumwamsha salama, na muuguzi wa chumba cha upasuaji. Ni oksijeni, damu, maji na umeme usiokatika. Ni mtungi wa kuchemshia vyombo, na mashuka safi yaliyofuliwa jana. Ni kitanda cha uangalizi kwa mtu atakayetoka akiwa dhaifu. Ikikatika pete moja tu, mnyororo mzima haufungi kitu. Jengo la bilioni nyingi lenye taa nzuri na wapasuaji wawili hodari hukaa kimya siku nzima kwa sababu mashine ya kufulia imeharibika na fundi hajalipwa. Na katika pete zote, iliyo nyembamba kuliko zote ni mtu wa usingizi. Madaktari bingwa wa usingizi katika nchi hii ni wachache mno, nayo kazi kubwa ya wilayani hufanywa na wauguzi na waganga waliofundishwa kazi hiyo, ambao pengine hospitali nzima inaye mmoja. Akiugua malaria yeye, wilaya nzima haipasuliwi.

Huku nyuma, vijana waliosomeshwa udaktari na uuguzi kwa jasho la wazazi wao na kwa mikopo ya Serikali wanakaa mitaani wakingoja ajira. Chumba cha upasuaji kinangoja mtu, na mtu anangoja chumba. Kati yao kuna nini? Kuna fungu la mishahara ambalo halikutosha, kwa kuwa utepe wa jengo jipya hukatwa mbele ya wapiga picha, na hakuna aliyewahi kualikwa kukata utepe wa mshahara wa muuguzi.

Wako wenzetu, na baadhi yao ni watu wenye heshima katika chama, wasemao kwamba upasuaji ni anasa ya mjini. Kwamba shilingi ya masikini yafaa iende kwenye chandarua, chanjo na maji safi. Wanatukumbusha kwamba mwaka 1964 Profesa Richard Titmuss na wenzake walitushauri tusikimbilie mahospitali makubwa, tujenge vituo vya afya karibu na watu, na kwamba baada ya Azimio la Arusha nchi ilifuata njia hiyo, ikaweka zahanati vijijini mbele ya hospitali za mijini. Wanasema kweli. Uamuzi ule ulikuwa sawa, nasi hatuuonei haya. Lakini wanasahau kwamba kituo cha afya chenyewe kinaweza kupasua. Na hapo tunao ushahidi wa nyumbani kwetu, si wa kuazima.

Mwaka 2015 na 2016 hesabu ya afya iliyofanywa nchini ilionyesha kwamba katika kila vizazi hai 100,000 walikufa akina mama 556. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha 104. Tangu mwaka 2017 vituo vya afya zaidi ya 300 vilikuwa vimepanuliwa, vikapewa vyumba vya upasuaji ili mama aliyekwama kujifungua asisafirishwe usiku katika machela mpaka makao makuu ya wilaya. Hatusemi kisu peke yake ndicho kilichowaokoa. Ziko dawa, ziko barabara, wako wakunga. Lakini nani atasimama mbele ya akina mama wa tarafa iliyopata chumba cha upasuaji awaambie kwamba kile ni anasa?

Ushahidi mwingine ni wa Madaktari Wasaidizi, watu walioanza kama waganga wa kawaida wakaongezewa masomo na kufundishwa kupasua. Kwa miaka mingi wao ndio waliofanya sehemu kubwa ya operesheni za uzazi katika hospitali za wilaya. Uchunguzi uliofanywa Mwanza na Kigoma na kuchapishwa mwaka 2009 haukuona tofauti ya maana kati ya kazi yao na ya madaktari wenye shahada. Wageni walikuja kujifunza kwetu habari hiyo. Sisi wenyewe twapenda kusahau.

Ulimwengu nao umekwisha kusema neno lake. Mwaka 2015 tume ya wataalamu iliyoandika katika jarida la Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji salama wenye bei wanayoiweza, na ikataja kipimo: operesheni 5,000 kwa mwaka kwa kila watu 100,000. Hebu tupige hesabu kwa nchi yetu. Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta tuko 61,741,120. Kwa kipimo hicho twahitaji operesheni zaidi ya 3,000,000 kila mwaka, yaani zaidi ya 8,000 kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Kila mtu aliyewahi kukaa katika benchi la hospitali ya wilaya anajua tuko mbali na hapo. Serikali ilijua pia, ndiyo maana mwaka 2018 ilitoa Mpango wa Taifa wa Upasuaji, Uzazi na Usingizi, wa kwenda mpaka mwaka 2025. Ulikuwa mpango mzuri, nasi twasema hivyo bila kejeli. Sasa twataka kujua: katika yale yaliyoandikwa, lipi limefanyika, lipi halikufanyika, na fungu lake lilikwenda wapi? Mpango usiotolewa hesabu ni hadithi ya usiku.

Ama habari za fedha, wakubwa wa Afrika walikutana Abuja mwezi Aprili 2001 wakaahidi kwamba katika kila shilingi 100 za bajeti, 15 zitakuwa za afya. Hakuna aliyewashurutisha. Miaka mingi imepita, na nchi yetu imebaki chini ya ahadi hiyo. Tena kuna jambo lililo baya zaidi ya fungu dogo, nalo ni fungu lisilofika. Fedha inayopitishwa Bungeni na fedha inayotoka Hazina si ndugu wa baba mmoja. Mganga Mkuu wa wilaya hupanga mwaka wake kwa ile ya kwanza, akapata robo ya pili, na katika mwezi wa Mei huletewa kiasi kikubwa kwa haraka ili kitumike kabla ya Juni kwisha. Hapo ndipo hununuliwa vitu visivyotakiwa. Hata Bohari ya Dawa imepata kukaa miaka ikiidai Serikali yenyewe fedha za dawa ilizokwisha kuzitoa.

Mwezi Januari 2025 Marekani ilizuia misaada yake kwa nchi za nje, na katika muda wa siku chache watumishi wa miradi ya afya katika Afrika nzima waliambiwa wakae nyumbani. Watu walishtuka. Sisi hatukuona sababu ya kushtuka kwa aliyekuwa akisoma magazeti ya vyama vya Afrika tangu zamani, kwa maana hilo tulionywa mapema: anayekulipia daktari ana ruhusa ya kumwita arudi.

Juu ya kuchagua, iko habari moja ya Uingereza, na twaieleza kwa sababu waliotutawala hupenda kutufundisha mengine na kutuficha yaliyo mazuri. Tarehe 5 Julai 1948, nchi yao ikiwa bado na madeni ya vita na chakula kikigawiwa kwa kadi, waliamua kwamba kila mtu atatibiwa bila kulipa. Waziri aliyeisimamisha kazi hiyo ni Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa. Mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea, Serikali yake mwenyewe ilitaka fedha nyingi za silaha, na Waziri wa Fedha, Hugh Gaitskell, akaamua wananchi walipe nusu ya gharama ya meno ya bandia na miwani. Fedha yenyewe ilikuwa paundi milioni 13 kwa mwaka wa kwanza, kidogo tu kando ya bei ya silaha. Bevan akajiuzulu, na Harold Wilson akajiuzulu pamoja naye. Wako waliomwita mkaidi. Lakini ni mawaziri wangapi, hapa au kwingineko, wamewahi kuacha kiti kwa ajili ya miwani ya kabwela?

Leo mambo ya huko si mazuri. Sheria yao yasema wagonjwa 92 katika 100 waanze kutibiwa ndani ya majuma 18, na tangu mwaka 2016 hawajaitimiza. Mwezi Septemba 2023 katika England peke yake walikuwa na majina zaidi ya milioni 7.7 katika daftari la kungoja, ingawa mtu mmoja huweza kuandikwa zaidi ya mara moja. Ni aibu kubwa. Lakini ni aibu inayojulikana kwa tarakimu. Hutangazwa kila mwezi, hospitali kwa hospitali, na kila mpiga kura anaweza kumshika mbunge wake shati akamwonyesha. Sisi yetu hatuijui. Huenda foleni yetu ni fupi kuliko watu wanavyodhani; basi wenye madaraka watafurahi kuionyesha.

Tukiwa hapo, lazima tuseme neno juu ya huduma ya haraka ya kulipia iliyomo ndani ya hospitali kubwa za umma. Wanaoitetea wana hoja: wanasema inaleta fedha, na inamzuia bingwa asihamie hospitali binafsi. Twakubali kwamba daktari naye ana watoto wa kusomesha. Lakini chumba kile ni cha umma, taa ni ya umma, na daktari alisomeshwa na umma. Ikiwa mwenye fedha anapasuliwa Alhamisi hii, na asiye nazo mwenye ugonjwa ule ule, chumba kile kile, daktari yule yule, anapasuliwa Alhamisi moja baada ya mvua za vuli, basi tumejenga tena Ocean Road na Sewa Haji chini ya paa moja. Huenda fedha za wanaolipa zinawasaidia wasiolipa. Na tuonyeshwe hivyo! Ni operesheni ngapi za wanyonge zilizolipiwa na mapato hayo mwaka jana? Kama jibu lipo, sisi tutakuwa wa kwanza kulichapa.

Wako watakaosema tungoje bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nasi tunaiunga mkono kwa moyo wote. Ni jambo ambalo chama cha wananchi kingestahili kulipigania hata kama lisingeletwa na Serikali. Lakini kadi haipasui. Ukimpa kila mtu kadi, wale waliokuwa wamejificha vijijini kwa kukosa fedha watatoka, na itakuwa haki yao kutoka. Wakikuta mtu wa usingizi ni yule yule mmoja, foleni itazunguka jengo mara mbili. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wala kadi mfukoni haipunguzi maumivu.

Kwa hiyo madai yetu ni haya, na hayahitaji mgeni wa kutushauri. Kila hospitali ya umma yenye chumba cha upasuaji ibandike ukutani, penye macho ya watu, mwisho wa kila mwezi: waliongoja ni wangapi, aliyengoja zaidi ni tangu lini, operesheni ngapi ziliahirishwa, na kwa sababu gani. Majina ya wagonjwa yasiandikwe. Maradhi ya mtu ni siri yake. Hesabu za hospitali zote zikusanywe na Waziri azisome Bungeni siku ya bajeti yake. Pasijengwe chumba kipya cha upasuaji mahali ambapo cha zamani kinafungwa kwa kukosa watu, mpaka watu hao wameajiriwa. Na chuma cha mfupa kwa mgonjwa wa wodi ya kawaida kilipiwe na hospitali, kisha hospitali ihesabu vitanda vilivyofunguka.

Daftari halina gharama. Kila hospitali ina daftari la chumba cha upasuaji tayari, na dada anayelitunza anajua majibu yote tunayoyatafuta. Linalokosekana ni ruhusa ya kuyasema.

Wanachama wasingoje makao makuu. Katika mkutano wa tawi wa mwezi huu kila tawi lichague watu wawili, mmoja awe mwanamke, waende kwa Mganga Mkuu wa hospitali yao kwa heshima, bila kelele na bila kuvaa sare za chama, wamwombe hesabu hizo nne. Akizitoa, mshukuruni, mtuletee tuzichape pamoja na jina la hospitali iliyokubali kuwa wazi. Akisema hana ruhusa, mwulizeni aliyemnyima ni nani, andikeni cheo chake, kisha mpelekeeni barua diwani na mbunge wenu kabla kikao cha bajeti hakijaanza. Barua ziandikwe kwa wino, zitiwe sahihi na katibu wa tawi, na nakala moja ibaki ofisini.